Banda la Injini la Nairobi na Watu Wetu

Baada ya hesabu za matanga na karo, ni desturi yetu kuandika hapa habari moja ya kale. Mwaka huu twaandika juu ya banda la injini la Nairobi, kwa kuwa watoto wengi wa nchi ya Abaluyia walisomeshwa kwa mshahara wa reli.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Mwishoni mwa Mei 1899 ilifika maili ya 327, penye uwanda wa tope na mto wa maji baridi. Mbele palikuwa na mpando wa Kikuyu, kisha genge la Bonde la Ufa. Kwa hiyo injini zilihitaji kupumzishwa na kutengenezwa hapo kabla ya mlima. Mwaka ule ule makao makuu ya reli yalihamia Nairobi kutoka Mombasa. Basi si mji uliozaa karakana, bali karakana iliuzaa mji. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 tawi lake likafika Butere. Kakamega haikupita.

Injini ya mvuke haiwashwi kama taa. Ilipoingia bandani, majivu yaliondolewa, mabomba yakasuguliwa, birika likaoshwa na vyuma vikatiwa mafuta. Moto uliwashwa saa nyingi kabla ya safari, hata maji yachemke. Kazi hizo za masizi na joto zilikuwa za Mwafrika. Alianza kwa kufuta injini, akapanda kuwa mchochea moto, lakini kiti cha dereva kilikaliwa kwa miaka mingi na Mzungu na Mwasia, na mishahara ilipangwa kwa rangi.

Mwaka 1955 na 1956 zilikuja injini 34 za Garratt kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, ilichoma mafuta mazito, na ilipewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Milima ilikuwa yetu. Madaraka hayakuwa yetu bado. Novemba 1959 wafanyakazi Waafrika wa reli nchini Kenya waligoma, nao umoja wao ukajulikana kuwa na nguvu.

Baadaye dizeli ziliuzima mvuke. Mwaka 1977 shirika la reli la Afrika ya Mashariki lilivunjika. Injini iitwayo Mount Gelai imehifadhiwa katika makumbusho ya reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Chuma kimetunzwa na jina lake limeandikwa. Majina ya waliokichochea hayakuandikwa ubavuni.

Kwa hiyo twawasihi wanachama: kila nyumba yenye mzee aliyefanya kazi ya reli, au yenye barua yake ya kuajiriwa, imlete katibu habari hiyo tuiandike daftarini. Mjane anayedai haki ya mumewe huulizwa karatasi, wala haulizwi machozi. Asiye na maandishi husahauliwa mara mbili.