Miungu wamesahauliwa, au imesahauliwa?

Katika Small Gods, riwaya ya Terry Pratchett ya mwaka 1992, mungu Om amesahauliwa hadi kabakiwa na muumini mmoja wa kweli, naye kanasa katika mwili wa kobe. Mfasiri angekwama mapema: miungu wamesahauliwa au imesahauliwa? Umbo ni la mti na miti. Lakini mitume nao wana umbo hilo, na hakuna asemaye mitume imefika. Biblia ya Union huandika “miungu mingine”, nadhani kwa kuwa humo aghalabu ni sanamu za kuchonga. Lakini Om si sanamu: ananung'unika na kutukana (kwa ufasaha, tukubali). Kwa hiyo ningeandika wamesahauliwa. Kwa silaha ningefanya tofauti: upanga wa Elric, shujaa wa Michael Moorcock, hunyonya roho za watu, lakini ubaki kwenye ngeli yake: umenyonya.