Majina ya wafungwa

Mtu aliye ndani ya boloko tunamwita mfungwa. Jina hili lasema neno moja tu: amefungwa. Basi siku ya kufunguliwa, jina nalo lingepaswa kwisha. Je, lakwisha kweli? Tutazame mambo ya Ufaransa, maana huko majina ya namna hii yamejulikana tangu zamani.

Wakati wa wafalme, wenye makosa walipelekwa kuvuta makasia katika merikebu za vita zilizoitwa «galères». Wakaitwa «galériens». Ndio wale ambao Mtakatifu Vincent de Paul aliwekwa kuwa padri wao mkuu mwaka 1619. Tangu 1724 walichomwa begani kwa chuma cha moto, herufi tatu: GAL. Mwaka 1748 kazi ya makasia ilikomeshwa, wafungwa wakatiwa katika «bagne» ya Toulon. Neno hilo latoka kwa Waitalia. Kwao «bagno» ni mahali pa kuogea. Makasia yalikwisha, lakini watu waliendelea kusema «galérien».

Wafungwa nao walikuwa na lugha yao ya siri. Vidocq, aliyefungwa Brest na Toulon, kisha akawa mkubwa wa polisi, aliandika maneno yao katika kitabu cha mwaka 1837. Mfungwa ni «fagot», maana yake mzigo wa kuni. Aliyetoka akarudishwa tena ni «cheval de retour», farasi wa kurudi. Twaweza kucheka, lakini tazameni, mtu amekuwa kuni, amekuwa mnyama.

Mwaka 1832 sheria ilikataza kuchoma watu alama. Hata hivyo sheria ya 1854 iliamuru hivi: aliyehukumiwa kazi ngumu chini ya miaka 8, akiisha kuimaliza, akae Guyane miaka mingine sawasawa na ile, wa miaka 8 au zaidi, akae huko mpaka kufa. Huyo aliitwa «libéré», yaani aliyefunguliwa! Kupeleka watu huko kulikomeshwa mwaka 1938, na wa mwisho walirudishwa Ufaransa 1953.

Na sisi je? Jirani ametoka miaka kumi iliyopita, nasi tungali tukisema: «Yule mtu wa boloko.» Hapo twamchoma begani mara ya pili. Hakimu alihesabu miaka. Ulimi wetu hauhesabu. Mfungwa akiisha kufunguliwa, tumwite kwa jina alilopewa na wazazi wake.