Lugha na Nadharia ya Kujifunza katika Shule za Kongo

Chini ya utawala wa Ubelgiji, kanuni za elimu za 1929 zilikubali lugha za wenyeji katika shule za misioni zilizopewa ruzuku. Huko Katanga, Kiswahili kilikuwa mojawapo. Hata hivyo, nadharia iliyotawala ni ile ya kumbukumbu: katekisimu ilifundishwa kwa swali na jibu, na mtoto aliyekariri alihesabiwa kuwa ameelewa.

Mwaka 1962 Kifaransa kilifanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kukariri kulibaki, ila sasa maneno yenyewe yalikuwa mageni. Mtoto aliimba somo asiloweza kulieleza nyumbani. Lakini katika kitabu cha 1934, Vygotsky alikuwa amekwisha kueleza jinsi fikra inavyokua kwa mazungumzo, na ripoti ya UNESCO ya 1953 ilitetea lugha ya mama shuleni.

Katika miaka ya 1970 lugha za taifa zilirudishwa katika madarasa ya mwanzo, na sheria ya 2014 ikazithibitisha. Walakini historia ya 1929 yaonya. Mwalimu akishikilia kwamba kujifunza ni kurudia, hata Kiswahili kitakaririwa bila kueleweka. Akimwacha mwanafunzi aulize na kueleza, ndipo lugha yake itakapomfaa.