Hukumu ya Kujifunza Kufyatua Bastola kwa Ajili ya Kujihami

AlhamduliLlaah, rehma na amani zimshukie Mtume wetu, ahli zake na Swahaba zake.

Ndugu zetu wanaofuata maharage Kibondo na Kasulu wametuuliza suala hili. Njia za nyanda hizo za Kigoma zimepata majambazi wenye bunduki, hasa tangu vita vya Burundi vya 1993 vipitishe silaha mpakani. Zilikuwapo nyakati mabasi yakisindikizwa na askari.

Maana yake

Kufyatua kwa silika ni kuelekeza bastola kama mtu anyooshavyo kidole, bila kulenga kwa jicho, adui akiwa hatua chache. Fairbairn na Sykes, waliokuwa polisi wa Shanghai, waliieleza mbinu hii katika kitabu chao cha 1942. Msingi wake ni mazoezi mengi mpaka mkono utangulie fikra.

Hukumu yake

Asili yake ni kujuzu. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) amehimiza kujifunza kurusha mishale (Muslim), na anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi (al-Bukhaariy na Muslim).

Lakini Imaam an-Nawawiy katika al-Minhaaj ameweka daraja za kumzuia mshambuliaji. Yakitosha maneno au kuomba msaada, kupiga ni haramu. Ukitosha mkono, fimbo ni haramu. Ikiwezekana kukimbia, katika madhehebu yetu kukimbia ni wajibu. Wala kutetea mali si wajibu: aliyeacha magunia yaende akanusuru roho yake hana dhambi.

Hapa ndipo penye hatari. Mkono uliozoea kutangulia fikra huziruka daraja zote hizo, na anayegonga mlango usiku huenda ni jirani au askari. Basi anayejifunza kufyatua na ajifunze pia kutofyatua: kumtambua mtu, kupiga ukelele, kurudi nyuma.

Masharti

1. Leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Bastola ya magendo hatuihalalishi.
2. Mazoezi yafanywe chini ya mkufunzi, mahali palipoidhinishwa.
3. Nguvu iwe ya kiasi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, kifungu cha 18 na vinavyokifuata, inatambua haki ya kujihami kwa mpaka huo.
4. Nyumbani ifungiwe, watoto wasiifikie. Mtume amekataza kumwelekezea ndugu silaha hata kwa mzaha.

Asiyeweza masharti haya, salama yake ni kusafiri mchana, pamoja na wenziwe, bila fedha nyingi mfukoni.

Na Allaah Anajua zaidi.