Utamilifu: Mtihani Unaosema "Bado"

Wanafunzi huuita moko. Ofisi za elimu huuita mtihani wa utamilifu, na wengine huandika utamirifu, kwa r. Ni ule mtihani wa mkoa au wa kanda unaofanywa miezi michache kabla ya mtihani wa taifa, na matokeo yake ndiyo yanayowakosesha usingizi vijana wengi wanaoota koti jeupe la daktari.

Neno la Kiingereza lililozaa moko lina maana ya kuiga, hata ya kudhihaki. Wanaosema mtihani wa majaribio wameshika wazo la kujaribu. Utamilifu ni ndugu wa timia na timilifu. Aliyeuita mtihani huu hivyo aliacha kufuata neno la kigeni, akataja kazi inayotakiwa kufanyika: kutimiza kilichopungua.

Undugu huo una faida kubwa kuliko tunavyodhani. Katika sarufi, hali timilifu ni ile ya -me-: amefika, ameelewa. Ukanushi wake ni -ja-: hajafika, hajaelewa. Ukisema "hakufika", habari imekwisha. Ukisema "hajafika", bado unamtazamia, na chakula chake kimefunikwa. Matokeo mabaya ya utamilifu yanapaswa kusomwa kwa -ja-. Mwanafunzi anayeyasoma kwa -ku-, "sikuweza", amejihukumu kabla ya siku yake.

Kwetu Tanzania mlango mkuu wa kuingia udaktari ni mtihani wa taifa wa kidato cha sita, katika tahasusi ya PCB. Tume ya Vyuo Vikuu imekuwa ikitaka angalau D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani pointi 6 kwa hesabu ya vyuo, ambayo D ni 2 na E ni 1. Mchukue kijana wa Tabora ambaye katika utamilifu alipata Baiolojia 58, Kemia 46 na Fizikia 41. Kwa vipimo vya Baraza la Mitihani, hizo ni D, E na E: daraja la tatu, na pointi 4 tu za chuo. Ataona ndoto imezama. Lakini D huanzia 50. Kemia imepungukiwa alama 4, Fizikia 9. Ili aufikie mlango anahitaji alama 13 zaidi. Nafasi hugombaniwa, kwa hiyo atahitaji kupita hapo; hata hivyo sasa pengo lina ukubwa unaojulikana, na kinachojulikana hufanyiwa kazi.

Tabora yenyewe ilikuwa mji wa utamilifu. Misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua hapa, mizigo ikafunguliwa na kufungwa upya. Wapelelezi Burton na Speke walifika Kaze, ndiyo Tabora, Novemba 1857 wakakaa takriban wiki tano, maana wapagazi wao Wanyamwezi walikuwa wamefika kwao na ikabidi watafutwe wengine. Mpelelezi Stanley alipofika Kwihara, jirani na Tabora, mwaka 1871, vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya moja kwa moja. Akazungukia kusini, na Ujiji akaifikia. Kijana anayerudia daftari lilelile, kwa namna ileile, kutoka ukurasa wa kwanza, anaing'ang'ania njia iliyofungwa.

Basi naye aufungue mzigo. Achukue karatasi zake zilizosahihishwa, na pembeni mwa kila alama iliyopotea aandike sentensi moja yenye -ja-. "Sijasoma mada hii." "Sijazoea kusoma bureti." "Sijajifunza kugawa muda." "Sijatofautisha swali linalosema eleza na linalosema toa sababu." Hili la mwisho lina uzito wake, kwa kuwa mtihani huandikwa kwa Kiingereza, na wapo wanaoijua sayansi yenyewe ila hawajaizoea lugha ya maswali. Kila sentensi ina dawa yake. Mada isiyosomwa inataka kitabu na mwalimu. Bureti inataka maabara. Muda unataka mtihani wa zamani na saa mezani. Asiyezitenganisha atatibu kila ugonjwa kwa kidonge kimoja, na huo si mwanzo mwema kwa daktari.

Tusidhani kwamba -ja- ni neno la kubembeleza. Husemwa kwa aliye njiani. Aliyeweka mzigo chini akalala chini ya mwembe hatuwezi kusema kwamba "hajafika"; huyo haendi. "Bado" ni deni, na deni hulipwa kidogo kidogo.

Kila jambo litakapoeleweka, aifute ile sentensi, aandike mpya: nimesoma, nimezoea, nimetofautisha. Siku -me- zitakapozidi -ja- pembeni mwa karatasi zake, neno utamilifu litakuwa limefanya kazi yake, na mzigo utakuwa tayari kubebwa.