Mjomba akivuta maji Arlington

Mjomba wangu anaishi Arlington, sisi tuko Houston. Kila tukikutana Krismasi hachoki na utani wake: "Sisi huku tukivuta maji chooni, nyie huko mnachemshia chai." Nilikuwa nacheka tu, mpaka nilipoanza kusoma kwa ajili ya kipindi chetu cha maji. Jamani, mjomba hatanii.

Mto wenyewe ni Trinity. Unapita Fort Worth na Dallas, unateremka kusini hadi Trinity Bay, ambayo ni pembe ya ghuba ya Galveston. Njiani kuna Lake Livingston, bwawa lililokamilika 1969, na sehemu kubwa ya maji yake ni haki ya jiji la Houston. Houston ilizoea kunywa maji ya visima, lakini ardhi ikaanza kudidimia kwa kuvutwa maji mno, basi ikabidi kugeukia mito. Na kiangazi kikikaza, maji mengi yanayopita kusini ya Dallas ni majitaka yaliyosafishwa. Hesabu ni hiyo.

Zamani hata hayakusafishwa vizuri. Mwaka 1925 idara ya afya ya Texas iliufananisha Trinity na mto wa mauti wa hadithi za kale. Sheria ya shirikisho ya 1972 ndiyo iliyoibana miji isafishe kweli kweli, na bado samaki waliendelea kufa kwa makundi chini ya Dallas mpaka katikati ya miaka ya 1980.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni hiki: wakubwa wa Dallas na Fort Worth walitaka mto huu uwe mfereji wa matishari, eti Fort Worth iwe na bandari! Bunge la Marekani lilipitisha mradi 1965. Wenyeji walitakiwa kuchangia kwa kodi, na Machi 1973 wapigakura wa bonde la Trinity wakasema hapana. Mwaka huo huo jaji wa shirikisho alisimamisha bwawa la Wallisville, karibu kabisa na mdomo wa mto. Kesi ikavutana miaka na miaka. Mwishowe kikajengwa kizuizi cha maji ya chumvi tu, si lile ziwa kubwa.

Kwa nini mdomo wa mto uwe na kesi? Kwa sababu ya chaza. Chaza wa Galveston wanataka maji ya kati, si baridi kabisa, si chumvi kali. Mto ukipungua, chumvi inapanda na kuleta vimelea na konokono wanaowatoboa. Mto ukifurika kupita kiasi, wanakufa pia. Baada ya Harvey, 2017, wengi mno walikufa kwa mafuriko.

Nilipomweleza baba haya hakushangaa hata kidogo. Yeye ni mtu wa Rufiji. Kwao watu walilima mlau, yaani shamba la kupandwa maji ya mafuriko yakishuka, na kule chini kwenye mikoko mto huo huo uliwalisha kamba. "Aliye juu akifunga," akasema, "wa chini ndiye anayejua." Sasa Rufiji nayo ina bwawa la Julius Nyerere, na namwona anavyofuatilia habari zake kila siku kwenye simu.

Texas ilijaribu. Sheria ya 2007 ilitaka kila bonde na ghuba yake vijadiliwe kwenye meza moja: miji, wakulima, wavuvi, wanasayansi. Meza ya Trinity na Galveston haikuafikiana, na mwaka 2011 dola ikajipangia viwango vyenyewe. Halafu viwango hivyo vinabana vibali vipya tu. Vya zamani, ambavyo ndivyo vyenye maji mengi, havikuguswa. Mimi naona hapo ndipo chaza walipouzwa, ingawa naelewa kwamba hakuna diwani anayetaka kuwaambia watu wa mjini wapunguze maji ili chaza wapate.

Majuzi nilimpeleka baba Anahuac, pale mto unapoingia kwenye ghuba. Akainama, akachovya kidole, akaonja. "Chumvi bado haijakolea," akasema, kama mpishi vile.

Nikamkumbusha kwamba maji hayo yametoka kwa shemeji yake.

Akatema.