Usilaumu Blanketi: Stori ya Upele na Watu Waliouliza "Umejuaje?"

Kama umesoma shule ya bweni hapa Kenya, unajua vile stori ya upele huenda. Msee mmoja anaanza kujikuna usiku. Wiki mbili baadaye ni watano. Kabla hamjafunga shule, taa zikizimwa unasikia kucha tu bweni zima. Hapo ndo wakubwa wanaamka: magodoro nje juani, blanketi kwa maji moto, na mono mmoja, mara nyingi yule ambaye hata sabuni huomba, anaambiwa yeye ndiye aliuleta. Anapewa chupa ya BBE, anatumwa nyumbani, na akirudi anapata tayari ana jina la utani.

Karibu kila kitu kwa hiyo orodha kilishapimwa zaidi ya miaka 80 iliyopita. Watu walijitolea miili yao ndio tujue upele huambukizwa aje na hutibiwa aje. Majibu yapo, ni vile tu hayajafika bwenini.

Na kabla mtu aulize: hapana, mimi si daktari. Chuo niliacha. Kusoma ndo sikuacha.

Enzi za damu chafu

Ukiwa na upele leo, lazima kuna mtu mzima atakwambia una damu chafu, unywe kitu cha kuisafisha. Usimcheke sana. Kwa karne nyingi madaktari wakubwa wa Ulaya waliamini hivyo hivyo. Walifuata mafundisho ya Galen, yule daktari wa enzi ya Warumi, kwamba mwili una majimaji manne na ugonjwa ni majimaji kukosa usawa. Upele basi ulikuwa uchafu wa ndani unaotafuta njia ya kutoka. Tiba? Kukutoa damu na kukuharisha.

Wakati huo huo kulikuwa na watu walioona kitu kingine kabisa. Ibn Zuhr, daktari wa Andalusia wa karne ya 12, aliandika kuhusu viumbe vidogo sana wanaoishi kwa ngozi ya mtu anayejikuna. Mwaka wa 1687, huko Livorno, Italia, daktari Giovanni Cosimo Bonomo na mwenzake Diacinto Cestoni, muuza dawa, waliona vile akina mama maskini hutoa kitu kwa ngozi ya watoto wao na pini. Wakakichukua, wakakiweka chini ya hadubini. Kilikuwa na miguu, kilitembea, na walikiona kikitaga yai. Bonomo akaandika barua kueleza kwamba upele ni huyo kidudu, na ndio maana dawa ya kupaka husaidia kuliko ya kunywa.

Ungedhani kesi imeisha hapo. Wapi! Wakubwa walikataa, na imani ya majimaji ikaendelea zaidi ya miaka 140 mbele.

Mwanafunzi na sindano

Kule Paris kulikuwa na hospitali ya magonjwa ya ngozi inaitwa Saint-Louis. Mwaka wa 1812, Jean-Chrysanthe Galès alitangaza kwamba amemuona kidudu wa upele, na akatoa michoro. Wengine wakajaribu kumtafuta, hakuna aliyempata. Baadaye michoro yake ilipoangaliwa vizuri, ikaonekana ni kidudu wa jibini. Ndiyo, wa jibini! Baada ya hiyo aibu, madaktari wengi waliona stori yote ya kidudu ni uongo.

Halafu Agosti 1834 akaja mwanafunzi kutoka Corsica, Simon François Renucci. Kwao alikuwa ameona wanawake wa kijijini wakitoa vidudu na sindano, kama wale wa Livorno. Akasimama mbele ya madaktari wa Saint-Louis na kufanya hivyo hivyo. Madaktari walikuwa wakitafuta ndani ya vipele vyenye maji. Renucci alijua kidudu hakai hapo: hujichimbia kamfereji kembamba kwa ngozi na kukaa mwisho wake. Akafuata mfereji, akatoa kidudu, akawaonyesha. Na wengine wakarudia, nao wakampata.

Hiyo ya kurudia ndo imebeba kila kitu. Galès alikuwa na cheo na michoro mizuri. Renucci alikuwa na njia ambayo hata mtu asiyemwamini angejaribu na kuona mwenyewe. Na ujuzi wenyewe ulitoka kwa wamama ambao hakuna aliyewahi kuwauliza.

Sheffield, wakati wa vita

Sasa twende Uingereza. Ni Vita vya Pili vya Dunia, upele umeenea kwa wanajeshi na raia, hadi mwaka wa 1941 serikali ikatoa agizo la kuwapa maafisa wa afya nguvu ya kukagua na kutibu watu. Kila mtu "alijua" upele unatoka kwa blanketi na nguo za ndani. Kwa hivyo mafuta na nguvu kazi ya vita vilikuwa vinaishia kuchemsha na kupiga mvuke mablanketi.

Mtaalamu wa wadudu anaitwa Kenneth Mellanby akauliza swali rahisi: mmejuaje?

Huko Sheffield alipata vijana waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani yao ya amani. Walikataa kuua, lakini walikuwa tayari kuumia wenyewe kama ingesaidia watu. Wakaingia nyumba moja, na kazi ikaanza. Walilala uchi ndani ya blanketi zilizotoka moja kwa moja kwa wanajeshi wenye upele. Walivaa chupi ambazo wagonjwa walikuwa wametoka kuvua, bila kufuliwa. Siku baada ya siku.

Na karibu wote hawakupata kitu. Majaribio mengi sana, na walioambukizwa kwa blanketi na nguo wakawa wa kuhesabu kwa vidole. Walipolala kitanda kimoja na mgonjwa, ngozi kwa ngozi, hapo ndo upele ulishika.

Mellanby hakuishia hapo. Alihesabu vidudu kwa mamia ya wagonjwa, akapata kwamba mtu wa kawaida mwenye upele ana vidudu wa kike wazima kama 11 hivi mwili mzima. Kumi na moja! Wewe unajikuna hadi damu itoke, na adui hawajazi hata matatu.

Pia aligundua kitu ambacho kinafaa kubandikwa kwa mlango wa kila bweni. Mtu akipata upele mara ya kwanza, haanzi kuwashwa siku hiyo. Hukaa kama mwezi hivi, wakati mwingine zaidi, kabla mwili ushtuke. Huo muda wote yuko poa, hajikuni, na anaambukiza. Lakini mtu aliyewahi kuupata akiambukizwa tena, huwashwa ndani ya siku moja tu.

Hebu rudi kwa yule mono. Aliyeanza kujikuna si lazima awe ndiye aliuleta. Inawezekana aliyeuleta bado hawashwi na amekaa hapo anacheka na wengine. Na uchafu? Kidudu haulizi ulioga saa ngapi. Anataka ngozi ya mtu na muda wa kugusana. Ndio maana hupenda mahali watu wamebanana: mabweni, jela, kambi za wakimbizi, chumba kimoja cha watu saba.

Sijasema usifue shuka. Kidudu anaweza kuishi siku mbili tatu nje ya mwili, na kuna aina kali ya upele, ile ya magamba mazito, ambapo mtu mmoja hubeba vidudu maelfu na hata kitanda chake kinaambukiza. Kwa hivyo fua kwa maji moto na uanike. Lakini ukichemsha blanketi mia mbili na ukatibu mtu mmoja, umefua tu.

Fiji ikamaliza mjadala

Dawa nazo zilipimwa. Ile BBE ya kuchoma, yaani benzili benzoeti, ilijaribiwa pia kule Sheffield, na ikaonekana inaponya ikipakwa vizuri mwili mzima kutoka shingoni kwenda chini, si pale panapowasha peke yake. Baadaye ikaja permethrini ya kupaka, halafu ivermektini, kidonge cha kumeza. Walioanzisha kazi ya hiyo dawa, Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell, walipewa Nobeli mwaka wa 2015.

Mwaka huo huo yakatoka matokeo ya utafiti wa visiwa vya Fiji, uliohusisha watu zaidi ya 2,000. Jamii tatu, njia tatu. Ya kwanza, walitibiwa wenye upele na wale wa karibu yao, vile sisi huambiwa kliniki. Ya pili, kila mtu alipakwa permethrini, awe anajikuna au la. Ya tatu, kila mtu alipewa ivermektini, isipokuwa wale ambao hawafai kuitumia, kama watoto wadogo na wajawazito.

Baada ya mwaka mmoja, jamii ya kwanza ilitoka asilimia 36.6 ya watu wenye upele hadi 18.8. Ya pili ikatoka 41.7 hadi 15.8. Ya tatu ikatoka 32.1 hadi 1.9. Soma hiyo ya mwisho tena.

Mwaka wa 2017, Shirika la Afya Duniani likauweka upele kwa orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa. Na si mambo ya kuwashwa tu. Ukijikuna unafungua ngozi, bakteria wanaingia, na kuna watoto wanaoishia na shida ya figo kutokana na hapo.

Lakini msigeuze ivermektini kuwa muujiza. Mnakumbuka enzi za Korona, vile watu walikuwa wanaimeza hata ile ya mifugo? Ilipopimwa kwa majaribio makubwa, haikusaidia wagonjwa wa Korona. Dawa ni ile ile, swali ndo lilikuwa lingine. Ushahidi hausemi "hii dawa ni noma". Unasema inasaidia nini, kwa nani, kwa kiasi gani.

Kwa hivyo tufanye nini

Kwanza, watu wanaolala pamoja watibiwe siku moja, hata wale hawawashwi. Kliniki ndio watasema dawa gani kwa nani na irudiwe lini.

Pili, baada ya vidudu kufa, ngozi inaweza kuendelea kuwasha wiki mbili hadi nne. Wengi hapo husema dawa imefeli, wanapaka BBE kila siku hadi ngozi inaungua. Ikizidi huo muda, ama mifereji mipya ikitokea, rudi kliniki.

Tatu, ukiwa na mwasho usioeleweka, wachana na ile krimu ya steroidi ya kununua kiholela kwa duka la dawa. Inatuliza mwasho na kuficha sura ya upele, lakini vidudu hawafi. Unaendelea kuwagawia watu ukidhani umepona.

Na nne, hakuna utafiti wowote kwa hiyo historia yote ulioonyesha kwamba aibu inaua vidudu. Inachofanya aibu ni kumfunza mwenye upele kunyamaza, na akinyamaza hatibiwi, na asipotibiwa nyinyi wote mnarudi mwanzo muhula ujao.

Kama una mdogo wako bodi, ama unajua matroni, mtumie hii. Na akianza kubeba magodoro nje, muulize kwa heshima: wangapi wamepewa dawa leo?